Chatu wa bustanini kila nikienda yuko palepale: anateseka au ndo alivyo?

Mdadisi wa Mambo

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa hili maana linanisumbua kweli. Huwa naenda bustani ya wanyama kumwangalia chatu na kila nikifika namkuta kona ileile, kajikunja, hata ulimi hatoi. Watoto wanagonga kioo yeye hana habari. Nilipomuuliza mhudumu akasema alikula wiki kadhaa zilizopita na hana njaa, akaendelea na kazi zake. Sasa najiuliza, mnyama anakaa wiki na wiki bila kula, hatembei, hachezi, kweli huyo ni mzima? Au ndo kashakata tamaa ya maisha mle ndani?

Alafu nina mengine ya juu kwa juu: wanapewa wanyama hai? Wanafika urefu gani hasa, maana nasikia mita kumi, wengine wanasema kumi na tano. Na ni kweli wanavunja mifupa ya windo kabla ya kumeza? Anayejua kwa uhakika tafadhali, sitaki za vijiweni.

Mlinzi wa Vizimba

Mkuu Mdadisi karibu. Mimi nimefanya kazi na nyoka wakubwa muda mrefu, chatu wa Afrika, chatu wa Burma na anakonda, kwahiyo nitakujibu kwa ninachokijua.

Kwanza la kutulia. Chatu porini maisha yake ni kuvizia. Anachagua sehemu, njia ya wanyama au kando ya maji, anajikunja anasubiri, anaweza kusubiri siku nyingi sana. Hana joto lake mwenyewe la kuzalisha kama mimi na wewe, joto anachukua nje, kwahiyo matumizi yake ya chakula ni madogo mno. Sisi chakula kingi tunachokula kinaishia kupasha mwili tu, yeye gharama hiyo hana. Ndo maana akimeza mnyama mkubwa anaweza kukaa mwezi na zaidi bila kutafuta kingine na mwili wake uko vizuri kabisa. Ukimkuta chatu anazunguka zunguka kizimba kutwa nzima, anasukuma kioo kwa pua mpaka pua inachubuka, huyo ndo wa kumhofia.

Sasa akishakula hapo ndani kunakuwa na kazi kubwa ambayo wewe kwa nje huioni. Watafiti waliompima chatu wa Burma walikuta baada ya mlo mkubwa sana mwili unaunguza nishati mpaka zaidi ya mara 40 ya alipokuwa ametulia, na utumbo, ini, figo, vyote vinaongezeka ukubwa ndani ya siku chache, chakula kikiisha vinarudi vidogo tena. Yaani ana mitambo ambayo anaizima asipoihitaji. Ukimwona kalala na tumbo limevimba jua yuko kazini. Na hapo msimsumbue, akishtuliwa anaweza kutapika chakula chote, na kutapika kwa nyoka ni jambo zito, koo linaungua na tindikali na anapoteza maji na nguvu nyingi.

Kwahiyo kosa kubwa kwenye kutunza hawa viumbe ni kuwalisha kupita kiasi, njaa ni mara chache. Mtu anaona huruma, anaona wiki mbili zimepita, anatupia sungura mwingine. Chatu yeye mara nyingi hakatai, porini hajui kesho atapata lini, akipewa anameza. Matokeo yake ananenepa, mafuta yanajaa kuzunguka ini na moyo, anakufa mapema. Mkubwa aliyekomaa mlo mmoja kila wiki tatu, nne, hata sita unamtosha inategemea na ukubwa wa mlo wenyewe. Wadogo wanaokua ndo wanakula mara kwa mara.

Wanyama hai hapana, bustani nyingi zinazojielewa hazitoi. Wanatoa panya au sungura aliyekwisha kuuawa, mara nyingi aligandishwa, anayeyushwa taratibu mpaka ndani kabisa halafu anapashwa kidogo kwasababu chatu ana vitundu kwenye midomo vinavyohisi joto, mzoga wa baridi anaweza asiutambue kabisa. Na mbali na ukatili kwa sungura mwenyewe, sungura hai anapigania roho yake, panya ndo usiseme, anang'ata nyoka mpaka nyama inaonekana. Nimeshaona majeraha ya hivyo kwa nyoka waliotoka kwa watu binafsi, kovu halitoki maisha yote.

Haki kwa Wanyama

Samahani mkuu Mlinzi lakini hayo ndo maneno yaleyale kila siku, "ametulia kwasababu ndo asili yake". Porini huyo chatu ana mto, ana miti, ana kilomita za kutembea. Kwenye kioo ana hatua tatu. Anatulia kwasababu hana pa kwenda! Mi naona hawa wote wangerudishwa porini tu wakaishi maisha yao. Na urefu hamuusemi vizuri, mjomba wangu alikuwa anafanya kazi msituni na alimuona chatu anakatiza barabara, kichwa kiko upande huu na mkia haujatoka upande wa pili, anasema mita 12 hazipungui.

Jicho la Porini

Ndugu yangu Haki, la mjomba simbishii kwamba aliona chatu mkubwa, lakini nyoka ni kitu kigumu sana kukadiria kwa macho, hajanyooka, anatembea, na wewe moyo unakudunda. Hata ngozi haiaminiki maana ikichunwa inavutika, inaweza kuongezeka robo ya urefu bila mtu kudanganya kwa makusudi.

Ushahidi mzuri wa hili ni zawadi ya Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 rais Theodore Roosevelt alihusika kuweka dola 1,000 kwa atakayeleta nyoka hai anayezidi futi 30, yaani kama mita 9.1, zawadi ikasimamiwa na wale wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na ikapandishwa mpaka dola 50,000. Fikiria hela hiyo, dunia nzima imesikia, watu wa Amazon, watu wa misitu ya Asia, na miongo yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeichukua. Nyoka mrefu zaidi aliyewahi kupimwa akiwa anatunzwa na rekodi ikakubaliwa ni yule wa Kansas City aliyeitwa Medusa, chatu wa kusini mashariki ya Asia mwenye michoro ya wavu mgongoni, mwaka 2011 alipimwa mita 7.67 na kilo 158.8. Huyo kalishwa vizuri maisha yake yote. Chatu wetu wa Afrika akifika mita 5 huyo ni jitu tayari. Nyoka wa mita 12 na zaidi alikuwepo ndio, Titanoboa, mabaki yake yalipatikana mgodi wa makaa wa Cerrejón huko Kolombia na akatangazwa mwaka 2009, ila huyo aliishi miaka kama milioni 60 iliyopita na dunia ilikuwa na joto zaidi.

Anakonda yeye sifa yake ni unene kuliko urefu. Mtafiti Jesús Rivas alifanya kazi miaka mingi kwenye mbuga za maji za Llanos kule Venezuela, kakamata mamia kwa mamia, na hata yule mkubwa wao hakufika kilo 100. Wote wakubwa ni majike. Dume ni mdogo mno kiasi kwamba wakati wa kujamiiana madume kadhaa wanamviringishia jike mmoja, hata 12 au 13 kwa pamoja, wanakaa hivyo wiki kadhaa ndani ya maji ya kina kifupi, na jike akishamaliza kuna wakati anammeza mmoja wao. Huwezi kumlaumu, ana mimba ya miezi saba hivi mbele yake na anakonda akiwa na mimba karibu hali kabisa. Anazaa watoto hai huyu, tofauti na chatu ambaye anataga mayai.

Na kwenye mayai hapo naomba nikae kidogo maana ndo kitu kinachonifanya niwapende hawa nyoka. Watu wanasema nyoka hana huruma na mtoto. Mwaka 2018 profesa Graham Alexander wa Afrika Kusini alitoa matokeo ya kufuatilia kwa miaka mingi chatu wa kusini mwa Afrika kwa redio na kamera za usiku. Jike anaingia kwenye shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama anayechimba na kula mchwa, anataga, anajizungusha kwenye mayai. Asubuhi anatoka kuota jua, na rangi ya mwili inabadilika inakuwa nyeusi zaidi ili avute joto, anajichemsha mpaka karibu na kiwango cha kumuua, halafu anarudi shimoni kuwapa mayai lile joto. Kila siku hivyo. Mayai yakianguliwa watoto nao hawakimbii, usiku wanarudi kulala katikati ya mikunjo ya mama yao, kama wiki mbili hivi. Muda wote wa uzazi hali kitu, zaidi ya miezi sita, na anapoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Kuna wengine hawapati nafuu, wanakufa kwa udhaifu. Chatu wa Burma yeye anafanya kwa namna nyingine, anatetemesha misuli ya mwili mzima mpaka joto linapanda, na hili lilishaonekana kwenye bustani ya Paris tangu karne ya 19, watu wakaweka vipimajoto wasiamini.

Kwahiyo ukimuuliza mtu kama mimi kwanini wanawekwa bustanini, nitakwambia baadhi ya hayo tusingeyajua, watu wangeendelea kuua kila chatu wanayemkuta.

Haki kwa Wanyama

Hilo la mama na mayai sikulijua, nimeguswa. Lakini bado hujanijibu kuhusu kuwarudisha porini.

Mlinzi wa Vizimba

Nitakujibu mimi dada yangu, na nakubaliana na wewe nusu. Vizimba vingi ni vidogo mno na hilo naliona tatizo la kweli. Nyoka asiyeweza kunyooka mwili mzima hata mara moja, huyo ametendewa vibaya, hata kama muda mwingi hujikunja. Kunyooka kunamsaidia kupumua vizuri, kutoa kinyesi, misuli isilegee. Chatu mchanga anapenda kupanda, apewe magogo imara. Anakonda apewe bwawa la kuingia mwili wote. Apewe sehemu mbili za kujificha, moja upande wa joto moja upande wa baridi, asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Wahudumu wabadilishe magogo, waburute mzoga chini ili harufu ifuatwe, wamtoe kizimbani kwa utaratibu. Wapo waliofundisha nyoka wao kufuata kibao cha rangi ili ahame chumba mwenyewe bila kuvutwa, na anajifunza vizuri tu. Kwahiyo hoja yako ya nafasi naibeba.

Kurudisha porini hapo nakataa. Kwanza wengi wamezaliwa bustanini na asili ya wazazi wao haijulikani. Pili magonjwa. Kuna ugonjwa wa virusi unaowapata maboa, yaani nyoka wa kubana wa ukoo wa anakonda, na chatu, nyoka anaanza kupinda shingo kuangalia juu, anashindwa kujigeuza, boa anaweza kuubeba muda mrefu bila dalili yoyote. Huyo ukimpeleka msituni umepeleka janga. Ndo maana hata nyoka mpya akiletwa anakaa pekee yake miezi mitatu au zaidi, vifaa vyake havigusi wengine, na tunamkagua utitiri kila mara chini ya magamba.

Tatu angalia Florida, Marekani. Chatu wa Burma ni mnyama wa Asia, waliletwa kufugwa majumbani, wakikua wakubwa watu wanashindwa wanawaachia, tena kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kikabomoa sehemu waliyokuwa wanazalishwa. Wakaingia mbuga ya Everglades. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulikuta kwenye maeneo waliyokaa muda mrefu wanyama wadogo wa kule, rakuni wanaoonekana wamepungua kwa asilimia 99.3 na oposamu asilimia 98.9. Mwaka huohuo serikali yao ikapiga marufuku kuingiza chatu wa Burma na wa Afrika na anakonda wa njano. Mwaka 2022 wakaonyesha jike waliyemkamata wa kilo 98, ndani ana mayai 122 yanayokua. Ni nyoka haohao wenye huruma kwa watoto wao, wamewekwa tu pasipo pao.

Tabibu wa Mifugo

Naongezea swali la mifupa maana naona limerukwa. Hapana, mifupa haivunjwi, inaweza kutokea ila siyo njia ya kuua. Na ile ya kwamba anamnyima pumzi, kila windo likitoa hewa anakaza zaidi, ndo tulifundishwa hivyo wote lakini imepitwa. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake wa Marekani walipima panya waliodungwa usingizi wakiwa wamebanwa na boa. Ndani ya sekunde 6 tu msukumo wa damu kwenye mshipa wa kutoka moyoni ulishuka mpaka nusu, na kwenye mshipa wa kurudi ukapanda mara kadhaa. Maana yake damu haizunguki tena, moyo unasukuma hauwezi, ubongo unazimika ndani ya sekunde. Kukosa hewa kungechukua dakika, na windo lenye makucha dakika nzima linamjeruhi nyoka.

Hao watafiti kabla ya hapo, mwaka 2012, walichukua panya waliokufa wakawawekea moyo wa bandia unaodunda. Boa akambana muda mrefu na kwa nguvu zaidi kuliko panya asiye na mapigo, na moyo ukizimwa analegeza. Kumbe anasikiliza mapigo kwa mwili wake. Kubana kunamchosha sana, haoni sababu ya kuendelea windo likishakufa. Na yeye mwenyewe anapumuaje akiwa amejibana hivyo? Utafiti wa 2022 ulionyesha anahamisha upumuaji, mbavu za sehemu iliyobana zinatulia, za nyuma zaidi zinafanya kazi.

Taya nalo halichomoki. Mifupa miwili ya taya la chini haijaungana mbele, katikati kuna kano inayovutika, kila upande unatembea kivyake na meno yamelala kuelekea nyuma, anajivuta juu ya windo upande huu kisha ule. Tundu la pumzi analisukuma mbele ya mdomo ili asikose hewa wakati koo limejaa.

Mdadisi wa Mambo

Daah wakuu nimejifunza kuliko nilivyotegemea, asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Kwa binadamu ni hatari kiasi gani? Na mimi mgeni nikienda bustani yoyote niangalie nini kujua kama chatu anatunzwa vizuri?

Jicho la Porini

Hatari ipo, hasa kwa yule wa Asia mwenye michoro ya wavu. Kule Sulawesi, Indonesia, mwaka 2017 na 2018 watu wazima wawili walimezwa, hiyo imethibitishwa. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu jamii ya Agta huko Ufilipino, watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda msituni, ulikuta asilimia 26 ya wanaume waliohojiwa walishawahi kushambuliwa na chatu. Watu wadogo wa umbo hao na wanatembea msitu mmoja na nyoka kila siku, wanawinda wanyama walewale. Kwa wengine wetu matukio ni machache mno, na chatu wengi wanaouawa na watu walikuwa wanajipitia tu.

Mlinzi wa Vizimba

Kwa wahudumu hatari kubwa ni saa ya chakula. Nyoka akisikia harufu ya sungura, kitu chochote chenye joto kinachosogea ni chakula, mkono wako ukiwemo. Ndo maana mlango ukifunguliwa tunamgusa kwanza kwa fimbo ya ndoano, anajua leo siyo kula, na chakula kinatolewa kwa koleo ndefu. Nyoka wa mita 3 na kuendelea hakuna kuingia peke yako, hata umemlea tangu yai, na anayebebwa lazima watu wa kutosha, karibu mtu mmoja kila mita moja na nusu. Akikukamata usianze kichwani, mtu wa pili ashike mkia afungue kuanzia huko, nguvu za mkiani ni ndogo.

Wewe mgeni angalia mwili: chatu mwenye afya umbo lake ni duara lililojaa, uti wa mgongo usichomoze, na mafuta yasijikunje anapopinda. Gamba alilovua litoke zima kuanzia puani, vipande vipande vilivyoganda vinaonyesha unyevu ni mdogo. Mdomo uwe umefungwa, akipumua kwa kukoroma au mapovu puani mapafu yana shida, mara nyingi baridi imemwingia. Tafuta vipimajoto, viwe viwili, upande wa kuota uwe kama nyuzi 32 na wa baridi 26 hivi, taa iwe na wavu asijiunguze. Maji masafi ya kutosha kuingia. Pa kujificha pawepo hata kama itafanya usimwone siku hiyo. Na kioo kisigongwe, waambie hao watoto, sauti anaihisi mwili mzima.

Mdadisi wa Mambo

Sawa mkuu nitawaambia. Ila sasa umenishtua, huyu wangu mara ya mwisho macho yalikuwa na ukungu wa bluu kabisa, kama amepofuka. Nitoe taarifa?

Tabibu wa Mifugo

Macho yote mawili? Kama ni yote anajiandaa kujivua gamba, kuna maji yameingia kati ya gamba la zamani na jipya, na nyoka hana kope, jicho lake nalo lina gamba. Haoni vizuri kipindi hicho kwahiyo anakuwa na hofu, haguswi na mara nyingi halishwi. Siku chache ukungu unaondoka, halafu siku chache nyingine anavua. Akishavua waombe wakuonyeshe ile ngozi sehemu ya kichwa, utafute vile viwili vya mviringo vya macho. Vikiwepo vyote yuko salama. Kimoja kikikosekana kimebaki jichoni, hapo ndo uwaambie waite daktari, na mtu yeyote asikibandue kwa kucha.